Tarumbeta Alilolisikia Ezron

Masoko, Tukuyu
11 Agosti 1997

Mdogo wangu mpendwa Esnath,

Ndaga. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako huko Iringa, wewe na Lusungu na mkewe, na yule mjukuu ambaye sijamtia machoni. Huku kwetu baridi ya mwaka huu imekuja na hasira. Ukungu unashuka mpaka migombani na kukaa humo hata mchana. Ukiuliza hali yangu, miguu imekataa kabisa, na kifua kinakoroma kama mlango usiotiwa mafuta. Daktari aliniambia maneno mengi ya kunitia moyo, lakini macho yake hayakukubaliana na mdomo. Krismasi mtaila bila mimi.

Barua yako niliipata. Umeniandikia kwamba Lusungu amepata saruji na fundi, na kwamba mwezi wa kumi mtakuja kulijengea kaburi la Ezron. Umeniomba mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu, nikutungie maneno ya kuandikwa juu ya jiwe, ya kwamba mumeo alisikia parapanda angali hai. Tena umeniomba nihakikishe kwamba yule dereva Uwesu hakanyagi makaburini siku hiyo. Nimekaa na barua yako mapajani, nikaikunja na kuikunjua mpaka imechanika. Maneno hayo siwezi kuyaandika. Liko jambo la siku aliyokufa Ezron ambalo nimekuficha hadi leo, na usipolijua kabla saruji haijakauka, uongo wangu utasomwa na wajukuu wako.

Nivumilie nianze mbali kidogo. Mzee akikaribia shimo huzunguka kwanza.

Unakumbuka tulivyokuwa mimi na mumeo. Watu walikutania kwamba hukuolewa na mwanamume, umeolewa na timu ya Tukuyu, na kwamba mahari yako ililetwa na golikipa. Mimi nilikuwa mpigaji wa tarumbeta la kanisa, na wimbo niliouweza kuliko zote ni ule wa maziko, tunaoupiga jeneza linapotoka nyumbani. Ezron ndiye aliyenishawishi niubebe mpirani. Timu yetu ikifunga, nilisimama nikaupiga wimbo uleule, lakini kwa haraka, kama wa arusi, naye Ezron akiwapigia kelele wapinzani: “Vueni kofia, maiti wenu anapita!” Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mchungaji alinionya mara moja kwamba tarumbeta lile limewekwa wakfu. Ezron akamjibu kwamba magoli yetu nayo ni ya wakfu, na mchungaji akageukia dirishani ili tusione anavyocheka.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena, sabuni na sukari zikarudi, na vipuri vya magari vikaanza kuuzwa Mbeya bila kibali cha mtu. Gari la kanisa, ile Landrova kuukuu, lilikuwa na kanuni yake: halitoki ila kwa ibada, mgonjwa au msiba. Mwenyekiti wa kamati ya gari nilikuwa mimi. Jumamosi ile timu yetu ilikuwa inacheza Mbeya na wakubwa wa Dar es Salaam, basi nikawaambia wazee wenzangu kwamba gari litakwenda kuchukua mabati ya nyumba ya mchungaji. Hakuna aliyedanganyika. Mzee mmoja aliniambia niyasalimie hayo mabati, na yakifunga goli nisikawie kuleta habari.

Tulikuwa tuondoke watatu: mimi, Ezron, na Uwesu dereva. Tulipompitia Ezron asubuhi tulimkuta amejikunja kitandani. Tumbo lake tulikuwa tumelizoea. Yeye mwenyewe alisema tumbo hili lina wivu na mpira, huamka kila siku ya mechi. Akanishika mkono akaniambia, “Shemeji, nenda. Usipokwenda wewe, nani atawazika?” Wewe ulisimama mlangoni ukaniambia kwamba safari hii hali yake huipendi, nisikawie kurudi. Nilikuitikia huku nikiwa tayari nimegeuza mgongo.

Tulipoanza kuupanda mlima wa Isongole, ukungu umefunga mbele na nyuma, mkanda wa feni ukakatika. Maji yakachemka, mvuke ukatufunika mpaka sikumwona Uwesu aliyekuwa kando yangu. Mara kwa mara kijana yule alikuwa ameniomba mkanda wa akiba. Zamani ningemjibu kwamba madukani hakuna, na hakuna ambaye angenilaumu. Wakati ule mikanda ilikuwepo tele. Nilimwambia tu kwamba tutanunua tukipata safari ya Mbeya. Basi akatoa mpira wa ndani wa tairi bovu chini ya kiti, akaukata vipande virefu kwa kisu, akaanza kuusuka.

Mikono yake ilikuwa ingali ndani ya injini lilipotupita lori la ndizi likitoka Tukuyu, linapanda polepole kwa uzito. Juu ya mikungu alikaa Ikupa, yule mchuuzi jirani yako. Akanipigia kelele: “Mwalimu! Esnath anasema gari lirudi! Tumbo la Ezron limekuwa gumu kama jiwe!” Lori halikuweza kusimama mlimani, likamezwa na ukungu pamoja na sauti yake.

Mpaka hapo habari unaijua. Ikupa aliliona gari limefunguliwa boneti, akashuhudia hivyo, na neno lake likawa ndilo ushahidi. Unajua kwamba tulirudi jioni, hatukuwa na bati hata moja, na kwamba kabla hatujafika kanisani tulisikia kilio. Unajua jinsi wazee walivyomuuliza Uwesu kwa nini aliondoka bila mkanda wa akiba, naye akanitazama mimi kisha akaitazama sakafu. Mmoja akasema haya ndiyo matunda ya kumpa Muislamu gari la Bwana. Mimi niliyekuwa nimekalia kiti cha mwenyekiti sikumkemea. Nilisaini kwamba afukuzwe.

Na maziko unayakumbuka. Uwesu alikuja, akaokota udongo kama sisi sote, na wewe ukampiga mkono ukasema udongo wake usimguse mumeo. Kwetu hapa mtu anaweza kukosana na jirani miaka na miaka, lakini msibani hafukuzwi. Yeye alifukuzwa. Alisimama nje ya migomba, ameufumba mkono, mpaka watu wote wakaondoka. Baadaye nilimwona anaumwaga ule udongo taratibu kwenye shina la mgomba, kama mtu anayemwagia mche maji.

Siku hiyohiyo, tukiwa tumekaa kwenye mikeka, ulinisimulia saa za mwisho za Ezron. Ulisema kutwa nzima alikuwa anauliza gari. Ukimpa maji, anauliza gari. Ukimgeuza, anauliza gari. Wewe ulizitoa betri ukazianika juani zipate nguvu, ukamwekea redio sikioni asikilize mpira, asahau maumivu. Mara akainua kidole akasema, “Nasikia tarumbeta la maziko.” Wewe hukusikia ila kelele za watu na mtangazaji. Ukamwambia ni homa tu. Yeye akafumba macho, na tangu hapo hakuuliza gari tena mpaka akakata roho. Ulisema Mungu alimtumia malaika wake kumtuliza. Mchungaji aliihubiri habari hiyo Jumapili iliyofuata, na kila mwaka wewe umeitoa kama ushuhuda, na wajane wenzako wameshikilia neno hilo kama fimbo ya kutembelea. Kila ulipoitoa, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wazee nimeinamisha kichwa. Watu walidhani naomba.

Usilolijua, Esnath, ndilo hili. Lori la ndizi halikuwa limefika mbali Uwesu alipomaliza. Ule mkanda wa mpira ulishika. Akamimina maji, akawasha, na injini ikanguruma kama siku ya kwanza. Bila kuniuliza akaanza kukata usukani kuelekea Tukuyu. Mimi niliuweka mkono wangu juu ya usukani.

Nilimwambia kwamba Ezron mwenyewe amenituma. Nilimwambia tumbo lile ni la jana na juzi, wanawake huogopa upesi, tutatazama kipindi cha kwanza tu kisha turudi. Uwesu akaniambia, “Mwalimu, mgonjwa ni mgonjwa.” Nikamuuliza nani mwenyekiti wa gari hili. Akasema, “Gari ni la kwenu. Mimi natumwa tu.” Akalielekeza Mbeya.

Uwanjani sikwenda kukaa na watu wa Tukuyu. Nilijiweka nyuma ya goli, kati ya watu nisiowajua, tarumbeta nimelifunika ndani ya koti. Hata hivyo Anyosisye wa Nkunga aliniona kwa mbali. Baada ya msiba alikuwa akikutana nami njiani, ananitazama, anasalimia, anapita. Amekwenda kaburini bila kuniuliza. Kipindi cha kwanza kilipokwisha, Uwesu alikuja mpaka getini kuniita. Nilimpungia mkono asubiri.

Tuliporudi nilimkataza asipite dukani kuchukua mabati, ili ionekane hatukuvuka Isongole. Tukafika Kiwira. Hapo aliniuliza kama nina hakika ndivyo tutakavyosema, hata mbele ya Mungu. Nikamwambia ndivyo. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini hakunitaja mbele ya wazee. Alinijibu bila chuki, “Mwalimu, pale nani angeniamini? Wewe ulikuwa umekalia kiti, mimi nimesimama.”

Na sasa sikiliza. Huyo unayetaka asikanyage makaburini ndiye anayenibeba kwenye pikapu yake kunipeleka hospitali. Mkewe Kuruthumu ndiye anayenipikia uji tangu miguu ilipokataa. Ulipopita kwao mara ya mwisho ukatema mate barabarani, Kuruthumu alikuwa anaukoroga uji wangu. Hakunilalamikia. Aliniambia tu dada yako amekonda.

Tangu siku ile sijapuliza tarumbeta. Kwenye maziko ya Ezron mlinipa nilipige, midomo ikakataa, nanyi mkadhani ni uchungu. Liko chini ya kitanda hiki, nimelifunga kwa gunia. Upepo ukipenya chini ya mlango, nalisikia. Najua ni upepo. Lakini Jumamosi jirani zangu wanapofungulia redio ya mpira, hapo hakuna upepo wa kusingizia. Wenzangu wanasikia watu wanashangilia. Mimi katikati ya kelele zile namsikia mtu mmoja aliyenyamaza, anasikiliza. Nimewaomba wazime, nikasema kichwa kinauma. Wakizima, bado anasikiliza.

Basi nikuage, mdogo wangu. Msalimie sana Lusungu, umwambie baba yake alikuwa mtu wa kicheko, na kicheko hicho asikiache kipotee. Jirani yangu Doreen na watoto wa hapa wanakusalimu. Barua hii Kuruthumu ndiye atakayeipeleka posta, hajui imebeba nini. Siku ya kujenga kaburi, kama bado kuna chembe ya heshima unayoniwekea, naomba mkono wa Uwesu uwe wa kwanza kugusa saruji. Na mkija mkanikuta nimelala, mnizike kimya, asipulize mtu chochote. Mungu akuweke.

Nimekwisha kukuaga, na bado sijasema. Kalamu imezunguka karatasi nzima ikikwepa mahali pamoja.

Goli letu liliingia kipindi cha pili, mbele yangu kabisa. Nilisahau kwamba najificha, nikamsahau mgonjwa, nikakusahau na wewe. Nikalitoa tarumbeta ndani ya koti nikaupiga ule wimbo wa maziko, kwa haraka, kama alivyonifundisha mwenyewe. Kando yangu pale nyuma ya goli palikuwa na kipaza sauti cha watu wa redio.

Esnath, Ezron hakusikia malaika. Alinisikia mimi. Aliacha kuuliza gari kwa sababu alikwisha kujua liko wapi.

Kaka yako,
Ambindwile