Binti wa Pili wa Mmarekani

Jumapili, 13 Novemba 2011

Na chai niliwamiminia mimi!

Miaka yote hii namtafuta yule Mmarekani wetu, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyeacha mabinti wawili Bagamoyo: Salma kwa mkewe, na Mize kwa mjakazi. Da Zuhura ni uzao wa Salma. Mimi ni wa Mize. Jamaa zake wa Marekani niliwapata mimi, ila barua pepe zote nikiandika kwa jina la Da Zuhura, maana mkubwa ndiye msemaji wa ukoo. Adabu zangu hizo.

Leo wamefika saluni kwake, katika jumba la maduka la Galerie d'Ixelles, huku ughaibuni tunakoishi. Da Zuhura hajui Kiingereza, kwa hiyo nikawa mkalimani. Mzee wao akauliza babu aliacha watoto wangapi.

"Mmoja tu," akajibu Da Zuhura, huku ananitazama machoni. "Salma."

Da Zuhura, ambaye kila tukisoma hitima humtaja Mize kwa sauti!

Nilidhani atajirekebisha. Hakujirekebisha. Basi nikatafsiri: mmoja tu. Sijui kwa nini nilimtii. Naogopa kwamba hata mimi niliona haya mbele ya wageni, na hilo...

Yule mzee akanikazia macho, akasema pua yangu ni ya mama yake mtupu.

Da Zuhura akacheka. "Mwambie sisi watu wa pwani wote tunafanana."

Na hilo nalo nikalitafsiri.