Nilivyojaribu kumpa Kendi hamsini mbele ya mama mkwe

Jumamosi, karibu magharibi. Upepo wa leo umebeba vumbi mpaka nguo nilizoanua ni kama sijazifua.

Dahabo ameniletea kikombe sasa hivi. Cha plastiki, kitupu. Amekishika kwa mikono miwili, ametembea polepole kutoka mlangoni kama kimejaa chai ya moto, akakiweka juu ya goti langu. Nikajifanya nakunywa, nikasema asante mama. Hakuondoka. Alinyoosha kiganja akaningoja.

Hata miaka mitatu hajafika. Nikambusu kile kiganja. Akakiangalia, akakipangusa kwenye gauni, akakinyoosha tena.

Haya ameyatoa hotelini leo, na mimi ndiye niliyempeleka.

Wacha nieleze kabla sijasahau. Rafiki yangu Kendi, Mmeru mmoja mcheshi anayeishi mlango wa tatu kutoka kwetu, anahudumia hotelini kwa Haji, kule nyuma ya stendi. Mwenzake ameolewa mbali, kwa hivyo kuna nafasi. Kendi amenisemea. Haji amesema nipite, anione. Mimi niliachia shule darasa la saba, na toka wakati huo hakuna kazi iliyowahi kuniuliza niko wapi. Nikaishika hii habari kama yai.

Guyo, mume wangu, yuko barabarani na lori la mbuzi. Nilipompigia alisema, Mama akikubali mimi sina neno. Maana yake Mama ndiye serikali.

Mama ni mama yake. Ametoka Korbesa kuja kutibiwa macho, yuko kwetu wiki ya tatu sasa. Dahabo anamwita Akoo, yaani nyanya, na sisi wote tumefuata. Akoo akikubali kukaa na Dahabo mchana, nina kazi. Akikataa, sina. Ni hivyo tu.

Na Akoo alikuwa amesikia mambo. Ati wasichana wa hoteli hupewa pesa na wanaume, mkononi, baada ya chakula kulipiwa. Aliniambia juzi akichambua mchele, bila hata kuinua macho, kwamba pesa isiyo na sababu huwa ina sababu yake.

Nikaona dawa ni moja. Nimpeleke akaone kwa hayo macho yake mapya. Aone watu wanakula, wanalipa, wanaenda, kazi safi.

Kendi aliposikia tunakuja alifurahi, halafu akanivuta kando. Akaniambia wahudumu huwa wanaangaliana meza. Rafiki yako akija akila akiondoka bila kukuachia kitu, utachekwa wiki nzima. Na siku hizi ni mbaya zaidi, kila mtu analipa kwa simu, chenji imeisha duniani. Kwa hivyo nisimwaibishe.

Sasa angalia shida yangu. Lazima nimpe Kendi kitu. Na lazima Akoo asione.

Tena sijawahi kumpa mtu tipu maisha yangu yote. Kwetu anayekupakulia chakula ni mama yako au mke wa kaka yako, na ukijaribu kumlipa wazee wataitwa. Sikujua hata inatolewa saa ngapi. Ukiitoa kabla hujala, si hiyo ni kama ile ya askari wa barabarani? Ukiitoa katikati, mkono una mchuzi. Nilimuuliza Guyo, akasema yeye hutoa akiondoka, bila kuangalia nyuma, kama mtu anayetupa ganda.

Nilichagua kutoa mapema, kwa salamu.

Nikakunja noti ya hamsini mpaka ikawa kama kidonge, nikaibana kwa vidole. Kendi akaja, nikanyoosha mkono. Lakini nilisahau adabu: mkubwa husalimiwa kwanza. Kendi akaupita mkono wangu kama haupo, akamshika Akoo, salaam aleikum shosho, habari ya macho, habari ya huko. Na salamu za Akoo haziharakishwi. Aliuliza habari ya mama yake Kendi, habari ya mvua za Meru, habari ya ng'ombe ambao Kendi hana. Mkono wangu uko hewani wakati huo wote. Zamu yangu ilipofika, Kendi alikuwa ameshabeba vikombe vya meza ya nyuma, akanisalimia kwa kiwiko, na kidonge changu kikaanguka chini.

"Mama, pesa," Dahabo akasema.

Huyu mtoto hawezi kusema maji ukamwelewa. Pesa anaitamka kama mtangazaji wa redio.

Akoo aliniambia nifunge pesa yangu vizuri, mji huu una watu.

Chakula kikaja. Wali, mbuzi, ndizi pembeni, na chai ya maziwa ya ngamia. Haji mwenyewe alikuwa kaunta nyuma ya sanduku la kioo la sambusa, ananitupia jicho, na mimi nimekaa wima kama napigwa picha ya kitambulisho. Akoo alionja nyama akasema huyu mbuzi alikuwa mzee lakini alilelewa vizuri. Kwake hiyo ni sifa kubwa. Nikapata moyo.

Nikakumbuka nimeona wanawake wa ofisini wakiacha pesa chini ya kisahani cha chai. Unaiweka, unaondoka, mwenyewe ataikuta. Sasa kisahani changu Dahabo alikuwa amekifanya kofia. Nikasubiri Akoo ageuke kumwangalia mtu aliyekohoa, nikaitelezesha noti chini ya kisahani chake.

Wiki tatu namtengenezea huyu mama chai, asubuhi na jioni. Wiki tatu namwona anaimimina kwenye kisahani, anaipuliza, anaivuta na sauti ya mfereji. Hajawahi kunywa chai kutoka kwa kikombe. Na mimi, kati ya meza yote, nikaenda kuficha pesa hapo.

Akainua kisahani. Akaiona. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba mke wa mwanawe anadondosha pesa kama mbuzi anavyodondosha vile vyake, na kwamba ataniwekea. Akaifunga kwenye pembe ya shuka lake, fundo moja, fundo la pili juu yake.

Fundo la Akoo hufunguliwa na Akoo.

Sasa nimebaki na pesa ya chakula peke yake, imetosha kabisa, haina hata shilingi ya ziada. Kendi anapita na kitambaa begani, ananiangalia, anaangalia meza. Mwenzake mmoja kule jikoni ameshaanza kutabasamu. Nikajiambia labda nitamletea kesho nyumbani, hata kama nyumbani hakuna wa kuona.

Ndipo yule bwana wa mifugo akanimaliza.

Alikuwa meza ya pili, ametoka upande wa Oldonyiro kwa jinsi viatu vyake vilivyokuwa na vumbi, shanga za Kisamburu shingoni, fimbo kwenye kiti. Alimaliza kula, akamwita Kendi, akampa mia moja mkononi. Peupe. Tena akasema kwa sauti, shika hii dada, umetuangalia vizuri. Kendi akapokea kwa mikono miwili akaitia mfukoni mwa aproni.

Ndizi ya Akoo ikasimama njiani.

Akaniuliza kwa Kiborana, taratibu, "Yule ni nani wake?"

Nilifikiria kusema ni kaka yake. Lakini kaka Msamburu wa Mmeru ningemweleza vipi. Nikafikiria kusema anarudisha deni. Nikamwangalia Dahabo na kisahani chake kichwani. Kila asubuhi watoto wa nasari wakipita na sweta zao, huwa anawafuata hadi kona, ananing'inia kwa mkono wangu, anataka kwenda nao. Karo ya nasari ndiyo hii kazi. Na kama nitaanza hii kazi kwa uongo, nitaufanya huo uongo kila siku, saa ya kurudi nyumbani.

"Si mtu wake, Mama. Amemshukuru tu. Na mimi nikiandikwa hapa watanipa hivyo hivyo, na nitapokea."

Akoo akamtazama Kendi kutoka kichwani hadi miguuni. 

Halafu akaanza kuuliza, moja moja. Haji anaona wakipewa? Anaona. Yule bwana chakula chake ameshalipia? Ameshalipia. Msichana amesimama toka saa ngapi? Toka alfajiri, Mama.

"Basi hiyo ni ya kamba," akasema, na ndizi ikaendelea na safari yake.

Sikuelewa. Akaniona mjinga, akanieleza. Mwenye ng'ombe anauza, mnunuzi analipa, hayo ni mambo ya wenyewe. Lakini kuna mtu aliyeshika kamba ya huyo ng'ombe toka asubuhi, kwa jua, akipigwa teke. Mnunuzi mwenye adabu humpa kitu kidogo, na jina lake ni ya kamba. Yeye mwenyewe baada ya baba yake Guyo kufariki alishika kamba za watu sokoni, akawalea watoto. Guyo hajawahi kuniambia hayo. Labda hajui.

"Lakini ya kamba haifichwi," akaniambia. "Inatolewa mbele ya watu, wasije wakasema umeiba. Wewe ulikuwa unaificha ficha ya nini?"

Kumbe aliniona. Toka ile ya salamu.

Nilitaka kuingia chini ya meza nikae na makombo ya wali. Nilikuwa nimechukua kitu kisafi nikakipa sura ya wizi kwa mikono yangu mwenyewe.

Ningependa mambo yaishie hapo. Hayakuishia hapo.

Akoo alifungua mafundo yote mawili. Akasimama. Akamwita Kendi kwa ile sauti ya kuita ngamia ng'ambo ya lugga, ule mto mkavu, hoteli yote ikageuka. Akatangaza kwa Kiswahili chake kwamba hii ni ya kamba ya huyu msichana, wote wameona, nani hajaona? Hakuna ambaye hakuwa ameona. Halafu akaanza kumbariki. Mungu akupe miguu isiyochoka. Amin. Mungu akupe mume mwenye ng'ombe za maziwa. Amin. Kendi ana mvulana mwenye pikipiki ya mkopo, lakini akasema amin pia. Watu waliitikia na wali mdomoni. Haji aliitikia kutoka kaunta, kijiko cha sukari kimesimama juu ya kikombe. Na kama nilivyomwambia Kendi, chapati zilizoungua jikoni wapishi wakiitikia amin si makosa yangu.

Vijana wawili walikuwa wamelipa kwa simu, wanatoka. Akoo akawauliza, wao wameshikiwa kamba na nani? Wakarudi, wakapekua mifuko, wakatoa sarafu mbele ya mashahidi. Kendi alikuwa anatazama chini kwa aibu, ila mkono wake ulizipokea bila taabu.

Halafu Akoo akaenda kaunta. Mimi ndiye niliyeitwa kuulizwa maswali leo, lakini aliyeulizwa ni Haji. Mke wa mwanangu atakula saa ngapi hapa? Atatoka saa ngapi? Mtu akimsumbua unafanya nini? Hiyo ya kamba unaichukua wewe au inabaki yake? Haji alijibu yote amesimama, na kwa hilo la mwisho akaapa ni ya mhudumu, hagusi. Kisha akaniangalia, mara ya kwanza vizuri, akasema Jumatatu asubuhi, nije na viatu vya chini.

Nina kazi.

Nimeandika hivyo nikasoma tena. Nina kazi.

Njiani Akoo alimbeba Dahabo mgongoni, hakutaka nimsaidie. Tulipofika karibu na msikiti akasema atakaa mjini mpaka mvua zianze, mtoto atakaa naye. Macho yakajaa machozi, nikasingizia vumbi. Nikamshukuru, nikamwambia Mungu amlipe. Akasema Mungu atalipa yake, ila na mimi nijue kwamba kuanzia Jumatatu kuna mtu ameshika kamba ya Dahabo toka asubuhi, kwa jua, akipigwa teke.

Nilidhani anatania. Nikamtazama. Akoo hatanii akiwa anapanda mlima.

Nikauliza ni pesa ngapi. Akasema hiyo haiulizwi, mnunuzi anaangalia mnyama amerudi na hali gani, anaamua mwenyewe. Na itolewe mbele ya watu.

Kwa hivyo hapa nilipo nawaza upya. Mama mkwe anapewa ngapi? Ikiwa kidogo nimemtukana mama yake Guyo. Ikiwa kubwa, nitakuwa nafanya kazi kwa Haji ili nimlipe Akoo, na nasari itabaki ya kutazamwa kutoka kona. Na nikipata siku mbaya, siku ya watu wa simu, je? Nitasimama mbele ya majirani niseme nini?

Lakini nacheka peke yangu hapa. Leo asubuhi sikuwa na shida yoyote ya pesa kwa sababu sikuwa na pesa. Hii ni shida ya mtu mwenye kazi.

Basi nimeamua. Kila jioni nikifika, kabla sijavua hata viatu, nitampa mbele ya yeyote aliyepo, na nitaanza na kiasi cha

Akoo ananiita. Nilimrudisha Dahabo kwake huko nje ndio niandike kwa utulivu, na kumbe saa zote hizo alikuwa anahesabu hiyo ni kazi. Ameshawaita majirani wawili, wamekaa kwenye mkeka, naona wanaangalia huu mlango. "Mama Dahabo, kuja, mashahidi wamefika." Nakuja, Mama, nakuja, wacha kwanza nitafute hata