Muzazi wa Liliane

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Nimekataa kupiga magoti. Hasira haijaisha, ona vile naandika vibaya.

Mutoto wangu Belise aliamka na homa. Nilimupeleka kwa dispensaire, nikamuacha na shangazi yake, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka shule. Nilifika saa mbili na dakika ishirini. Mulango unafungwa saa mbili na robo. Tulikuwa saba tuliochelewa. Sita ni watoto wa miaka kumi na tatu, kumi na ine. Wa saba ni mimi, miaka makumi tatu na sita, sketi ya bluu, shati nyeupe, nywele nimenyoa kama wao.

Prefe wa nidhamu, Tuyishime, akasema wote magoti chini, pale kwa mawe. Yale mawe meusi ya volkano, yanakata. Sita wakapiga magoti. Mi nikabaki wima.

Akasema: Liliane, hujasikia? Liliane hivi hivi. Mama yake huyu prefe, tukikutana sokoni, ananiita Mama Belise. Na yeye prefe iko na miaka makumi mbili na sita.

Nikamuambia nitafagia kiwanja, nitachota maji, nitaosha vyoo vyote. Magoti hapana. Akajibu kwa sauti ya chini: hapa hakuna Mama Belise, iko wanafunzi tu. Akaandika ndani ya daftari yake. Alama zangu za mwenendo zimebaki ishirini na moja juu ya arobaini. Ukishuka chini ya ishirini, unafukuzwa.

Hakukasirika hata kidogo. Ndiyo iliniuma zaidi.

Bon. Niandike ukweli, hapa hakuna mutu anasoma. Nilisaini mwenyewe. Mwezi wa tisa direkta alinisomea kanuni zote za tronc commun, ile miaka tatu ya kwanza ya sekondari. Nywele fupi. Simu hapana. Darasani ni Kingereza tu. Nusu ya alama kwa kila somo, kama hapana unarudia mwaka. Kutii walimu. Akasema: tunakupokea, lakini hatutatengeneza sheria yako peke yako. Nikasema ndiyo, direkta. Nilikuwa na furaha, ningesaini hata kulala shuleni.

Neno magoti halikuwa ndani ya ile karatasi. Nimeisoma tena leo jioni, mara mbili. Haiko.

Jumanne, 8 Oktoba

Wamenirudisha kwa mulango. Siingii darasani mpaka nilete muzazi.

Barua hii hapa, na muhuri: «Kwa muzazi ao mulezi wa Liliane, sekondari ya pili.» Nilicheka mbele ya Tuyishime. Nikamuambia, prefe, mi ndiye muzazi. Naitwa na shule ya mutoto wangu, naenda, nasaini. Sasa nijilete mwenyewe?

Akafikiri kweli kweli. Akasema: si uko na bwana? Aje yeye. Atasaini pale kwa mulezi.

Nilitoka bila kuaga. Njia yote mpaka nyumbani nilitembea kwa miguu, waendesha moto wananiita, sikujibu hata mumoja.

Mulezi!

Jumatano, 9 Oktoba

Bwana yangu Rutagengwa amesoma barua. Akaisoma tena. Nikaona anabana midomo asicheke, halafu akauliza: ni saa ngapi wananihitaji?

Akatoa shati yake ya kazi, ile ya hoteli, akaanza kuipiga pasi. Mi nasonga ugali, naangalia mugongo yake. Nikamuuliza unaenda wapi. Shuleni, akasema. Karatasi tu, Lili. Nasaini, unarudi darasani, imeisha.

Nikamuuliza: kwa hiyo we ni mulezi yangu?

— Ni neno tu.

— Sema, ni mulezi yangu?

Akageuza kola. Halafu akasema, kwa upole kabisa, na wanipatie na bulletin ya mwezi, ile karatasi ya alama, nione ile hesabu iko namna gani.

Hesabu nimepata makumi tatu na ine juu ya mia. Anajua. Nilimuambia mwenyewe, kitandani, ju nililia. Sasa anataka apewe mukononi kama baba, aniite, anikalishe kwa kiti.

Nilizima pasi. Nikachukua barua, nikaificha ndani ya mufuko wa unga. Amelala akiwa amekasirika. Na mi pia. Mutu muzuri, Rutagengwa. Ndiye alisema rudi shule, wakati dada zake walikuwa wanacheka. Ndiyo maana nataka kumupiga na kitu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku ya ine bila darasa. Nimefua hata mapazia.

Saa kumi na moja Umutesi alikuja. Tunakaa banc moja, benchi ya darasani, iko na miaka kumi na ine, ndiye ananielezea hesabu na mi namusahihishia Kifaransa. Ameniletea madaftari nikopie. Nikamupa chai. Alikuwa anakunywa bila kuniangalia.

Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna. Nikamuuliza tena.

Na yeye alichelewa siku ile ya Jumatatu. Sikumuona hata. Nilikuwa naangalia Tuyishime tu. Akasema, nilipoenda zangu, prefe aliwaambia: ju mukubwa wenu amekataa, mutaongeza. Walikaa pale mpaka kengele ya saa ine. Akainua sketi kidogo, akanionyesha magoti. Kidonda kimekauka, chini bado ni nyekundu.

— Mama Belise, we unaweza kukataa. Sisi hatuwezi.

Hakusema kwa ubaya. Akamaliza chai, akasema asante, akaenda.

Nimekaa na madaftari yake mbele yangu, sijakopia hata mustari. Nimemukasirikia Tuyishime mpaka meno inauma. Watoto wamenilipia. Na nimejikasirikia, na hiyo sijui nimupelekee nani.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya misa nilivuka mupaka kwenda Goma kumuona mama. Nilichukua jeton, karatasi ya kuvukia, na Grande Barrière, mulango wa mupaka, ilikuwa na watu kidogo.

Sikuwa nimepanga kumuambia. Alikuwa anachambua maharagi. Akauliza masomo iko namna gani, nikasema wamenifukuza mpaka nilete muzazi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Mikono yake ikasimama.

Niandike hii, ju sijawahi kuiandika. Mwaka wa 2002 lava ya volkano ilichoma nyumba yetu na duka. Nilikuwa sekondari ya pili, kule Goma. Mama alibaki na watoto wawili na sufuria moja. Kaka yangu Kimenyi akarudi masomoni. Mi nikapewa beseni ya mandazi niuze. Mama alisema ni mwaka moja tu. Mwaka moja! Leo Kimenyi iko na ofisi, iko na kiti cha kuzunguka. Kila Noeli ananiuliza kama bado nafanya ile mambo ya shule.

Sijawahi kumulaumu mama. Nilimuletea sukari, dawa, vitenge. Leo, pale mbele ya maharagi, nikasikia hasira inapanda kutoka miguuni, hasira ya miaka makumi mbili na mbili, na ilikuwa ya kwake. Si ya Tuyishime. Ya kwake. Nilisimama, nikasema naenda, barrière itafungwa. Uongo, ilikuwa bado masaa mbili.

Alinifuata mpaka kwa njia. Mama yangu Cansilde, na magoti yake yenye kuuma. Akauliza kitu moja tu:

— Ile shule, wanafungua saa ngapi?

Jumatano, 16 Oktoba

Niko naandika hapa kwa banc, nje ya ofisi ya prefe. Nimeomba dakika tano.

Mama alivuka asubuhi. Kitenge ya Pasaka, viatu vya kufunga. Rutagengwa alimupokea kwa barrière, akamuleta na teksi, akarudi kazini bila kusema kitu. Alinishika bega. Nilimuacha anishike.

Tuyishime alimupokea na mikono miwili. Alimuita mukecuru, bibi wa heshima, akamutafutia kiti yenye mugongo. Mi nikabaki nje, dirisha iko wazi. Alimuelezea kila kitu, polepole, kwa Kinyarwanda: kuchelewa, kukataa amri mbele ya wadogo. Akasema, mimi simuchukii, lakini nikimuachia yeye, kesho nitawaambia nini wale sita? Hapo nilimuelewa kidogo, na hiyo nayo iliniudhi.

Akauliza: nyumbani mulimufundisha kutii?

Mama akanyoosha kitenge yake juu ya magoti. Halafu akasema:

— Alitii sana. Mi ndiye nilimutoa masomoni. Nilimuambia acha, akaacha siku ile ile. Hakulia hata. Mi nilikuwa nangoja alie, angelia ningemuachia. Hakulia, nikasema bon, hajali.

Nilisimama pale kwa ukuta, nikamujibu moyoni tu. Nililia ndani ya choo, mama. Siku tatu. Ju ulikuwa na mambo mengi.

Tuyishime akakohoa. Akasukuma karatasi. Imeandikwa kwamba muzazi anakubali: Ijumaa, mbele ya shule yote, mwanafunzi apige magoti aombe musamaha. Kisha anarudi darasani, alama hazishuki. Muzazi akikataa, amuondoe, atafute shule ingine. Na shule ingine hakuna itanipokea na umri huu, niliuliza zote, hata za kule Kanzenze.

Akafungua mulango: Liliane, ingia, muzazi wako anakuita.

Mama hajui kuandika, anajua tu kuchora C na mustari. Alikuwa ameshika bic, kalamu ya prefe, kama mutu anashika kisu. Hakumuangalia prefe. Aliniangalia mimi.

— Nisaini, ao nisisaini?

Mwaka ule nilijua jibu, hakuna mutu aliniuliza. Sasa naulizwa na nina hasira mpaka sijui ni ya nani. Nikasema: dakika tano, tafazali. Tuyishime akaangalia saa, akakubali.

Sasa ni saa saba na nusu. Barrière ya upande wa kule inafungwa saa tisa, mama lazima avuke. Umutesi amepita na ndoo, akapunguza mwendo, akaniangalia, akaenda. Kupitia dirisha naona mukono ya mama. Bic haijagusa karatasi. Tuyishime amemupa maji, hakunywa.

Dakika zimepita, nadhani sita. Hakuna anayeniita. Nasimama, naingia kumujibu mama mwenyewe.