Soksi Ahamia Sebuleni

Jumamosi, 4 Mei

Kwanza niwatambue waliomo humu nyumbani kwa kadiri ya vyeo vyao, maana hata kwenye daftari langu binafsi sijui kuanza vinginevyo. Kazi yangu ni itifaki, na mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kupanga nani akae kiti cha mbele hawezi kufungua sentensi bila kuinama kidogo. Mke wangu, mwenye nyumba. Binti yetu wa miaka sita, tunayemwita Kidole, kwa sababu bado hajakutana na kitu asichokigusa. Mdogo wake wa miaka minne, Kwanini, kwa sababu zinazojieleza. Na mama mkwe, ambaye bado hajafika. Atakuja kukaa nasi paa la nyumba yake likiwa linatengenezwa, na cheo chake kinazidi vyote nilivyovitaja.

Hoja iliyo mezani: tarantula.

Mgeni mmoja mwenye wanyama alifika shuleni kwa Kidole, na tangu hapo mtoto haongei jingine. Buibui mkubwa kama kiganja, mwenye manyoya, anayeishi kwenye kasha la kioo! Anamtaka wake. Na mimi — niseme tu, hapa hakuna anayenisikia — namtaka kuliko yeye.

Mke wangu alisikiliza hoja huku akikunja nguo. Akatoa masharti mawili. La kwanza, kabla buibui hajaingia, watoto walilee kasha tupu kwa siku nne kamili. La pili: "Mama akifika akamkataa, anarudi alikotoka siku hiyo hiyo. Mama yangu hataishi kwa hofu kwenye nyumba ya mkwewe." Haki kabisa.

Nikamwandikia mama mkwe papo hapo. Shikamoo mama, tumeamua kuwapatia watoto buibui, tunaomba baraka zako. Akajibu: Marahaba. Rangi gani? Nikaandika: Nyeusi. Akajibu: Vizuri, nyeusi haishiki uchafu. Nakuja na cherehani yangu.

Hayo ya uchafu sikuyaelewa sana, lakini mimi simhoji mkwe. Ametubariki!

Jumatatu, 6 Mei

Kasha limewekwa sebuleni, mbali na dirisha. Udongo ndani, kisosi cha maji, kigae cha chungu cha kujifichia. Mkazi hakuna.

Mke wangu amebandika mstari wa utepe sakafuni. Ukiuvuka mstari, mikono mgongoni. Sheria hii haina umri wala cheo. Leo asubuhi nimeuvuka nikiwa nimevaa suti ya kazini na mikono yangu nyuma kama anayekagua gwaride.

Kazi zimegawanywa. Kidole anakumbusha maji. Kwanini anakagua kama mfuniko umefungwa. Kufungua ni kwa mtu mzima peke yake.

Kwanini amelisalimia kasha. Shikamoo. Akasubiri.

"Haitiki," akasema.

"Hayupo, wewe."

"Kwa nini hayupo?"

"Kwa sababu bado hatujajua kumtunza," Kidole akamjibu, kwa sauti ya mama yake kabisa. Nilikwenda jikoni nikacheka vizuri.

Alhamisi, 9 Mei

Tukio. Nimerudi kazini nikakuta Kwanini analia kwa kwikwi. Dada yake alifungua kifungio, akatia mkono, akaupapasa udongo. Ulikuwa laini, kasema, alitaka kujua tu.

"Amemtorosha," Kwanini akalia.

"Amemtorosha nani, baba?" nikamwuliza.

"Yule ambaye hajaja."

Mke wangu hakucheka, ingawa alihitaji kuufunika mdomo kwa kanga ya jikoni. Alimwuliza Kidole: kama angekuwemo, angekuwa wapi sasa? Mtoto akatazama chini ya kochi. Akatazama mlango. Kisha akatazama miguu ya mdogo wake, ambayo haikuwa na viatu. Akaanza kulia yeye.

Muda wa kasha tupu umeongezwa siku moja. Kidole mwenyewe ndiye aliyependekeza.

Jumamosi, 11 Mei

Tumemleta!

Mwenye duka la wanyama ni mama mmoja wa sauti ya chini sana. Ili umsikie unalazimika kunyamaza, na nadhani ndiyo maana anaongea hivyo. Aliwachutamisha watoto, yeye pia akachutama. Huyu ni jike, akasema. Si wa kubebwa wala kupakatwa. Akianguka kutoka kwenye mkono wa mtoto, tumbo linapasuka, na hakuna wa kulishona.

"Hata kwa kidole kimoja?" akauliza Kidole.

"Hata kwa kucha."

Akawaonyesha vinyweleo vya mgongoni: akikereka anavipeperusha kwa mguu wa nyuma, vikiingia machoni vinawasha vibaya. Kwa hiyo uso mbali na kasha, na mikono inaoshwa kila mara, hata kama umegusa kioo tu. Akiuma ni kama nyigu, lakini haumi asiyemsumbua. Halafu akanigeukia mimi.

"Jike anaweza kuishi miaka ishirini. Huyu dada akienda chuo, nani atamlisha?"

Familia nzima ilinitazama. Nikasema naipokea heshima hiyo kwa unyenyekevu. Nimehutubia kumbi zilizojaa watu bila kutetemeka. Leo kwa furaha nimelipigia saluti pipa la chakula cha samaki.

Kwanini ndiye aliyempa jina. Alimkodolea macho njia nzima, kikasha kikiwa mapajani mwa mama yake, kisha akatangaza kwamba amevaa soksi. Ngapi? "Zote."

Basi, Soksi.

Jumatatu, 13 Mei

Mlo wa kwanza. Nyenje mmoja, koleo refu, mimi peke yangu kwenye mfuniko. Watoto nyuma ya mstari, mikono mgongoni, wakihema kama waliokimbia. Soksi alikaa kama kifundo cha sufi. Kisha — sijui hata alipita wapi. Nyenje hakuwepo tena. Na mimi nilikuwa ukutani, koleo kifuani.

"Baba umevuka mstari vibaya," akasema Kidole.

Nilikiomba radhi kikao. Tumeosha mikono sote, pamoja na wasioshika kitu.

Jumatano, 15 Mei

Mama mkwe amewasili. Cherehani ilitangulia, yeye akafuata, kisha mfuko wa nyuzi: nyeusi tupu. Alipomaliza maji ya kunywa akatoa futi yake ya kupimia, akamwambia Kidole asimame wima.

"Haya, lileteni hilo buibui nilione. Nalijua la dukani, lazima linaburuta."

Masikio yangu yalipata moto. Linaburuta. Mke wangu alinitazama mimi, mimi nikatazama dari. Nyeusi haishiki uchafu. Nakuja na cherehani. Kila neno likarudi na kukaa mahali pake.

"Mama," nikasema, "buibui wetu haburuti. Anatambaa."

"Anatambaa?"

"Anatambaa, mama. Ni huyu, si hili."

Kati ya hili na huyu pana hatua moja ya sarufi, na kwenye hatua hiyo imesimama miguu minane. Mimi ninayesahihisha hotuba za wakubwa kwa kalamu nyekundu nimeandika ujumbe mzima bila kiambishi hata kimoja cha kumwonya mkwe wangu!

Kwanini akamshika mkono akampeleka mstarini. Mama mkwe akasimama, futi shingoni. Soksi aliinua mguu mmoja wa mbele, polepole, kama aliyeitwa jina lake kwenye mkutano.

"Na huyu naye nimpime?"

Mke wangu alikaa sakafuni kwa kicheko. Mimi nilijizuia, kwa heshima, mpaka nilipomwona bibi mwenyewe mabega yakimcheza.

Lakini alipotulia alitulia kweli. Akatoa mkebe wa dawa ya mbu kwenye mkoba, na mke wangu akauchukua kwa mikono miwili: hapana mama, moshi wa hiyo utamwua.

"Kwa hiyo mbu wanile mimi ili yeye apone."

Tumemtundikia chandarua. Akakaa kitandani, akasema linalomsumbua, na halikuwa nililolitarajia. Mdudu hamwogopi. Anaogopa mkono wa mjukuu wake. Huyu mtoto alishika pasi ya moto mbele ya macho yake. Alishika mkasi wake wa kukatia suti. "Mtu wa namna hiyo mnamwekea mdudu mwenye meno kwenye kimo cha kifua. Nyie wasomi." Atatazama mpaka Jumapili. Mkono ukiingia mle ndani mara moja tu, Soksi anarudi dukani, na yeye mwenyewe atambeba.

Kidole alisikia yote kutoka mlangoni.

Ijumaa, 17 Mei

Soksi hali. Nyenje anatembea mbele yake bila wasiwasi, kama mpangaji mwenzake. Nimempigia mwenye duka. Mtoe nyenje, akasema, asije akamng'ata. Huenda anajiandaa kujivua gamba. Akifanya hivyo atalala chali. Msidhani amekufa, msimguse, msimgeuze. Saa hizo ngozi yake ni laini, mguso mdogo tu unamharibu.

Nimewaeleza watoto kwa mfano wa shati linalobana kichwani. Kwanini amelala chali sebuleni mchana kutwa, anavua shati.

Mama mkwe amekataa uji wa pili. Hamu ya kula imempotea, kasema, akimwona mwenzake hali. Mke wangu amerudia neno hilo jikoni, kwa sauti ndogo: mwenzake.

Kidole hasogei kwenye mstari. Anakaa hatua nyingi nyuma. Nimemwuliza mbona mbali. "Mikono yangu siiamini, baba."

Jumapili, 19 Mei

Asubuhi nilikuwa jikoni na mke wangu, mama mkwe anaoga, Kwanini amelala. Kidole akaingia mlangoni, mikono mgongoni, ameibana hasa, vidole vimeshikana mpaka vimepauka. Akanionyesha sebuleni kwa kidevu.

"Amelala chali. Nimemwona mimi wa kwanza. Sijamgusa."

Tukaenda. Kweli. Soksi chali, miguu juu, hatikisiki. Kifungio kilikuwa mahali pake, na huyu ni mtoto anayekifungua kwa sekunde. Alikuwa peke yake naye, anataka kulia, anataka kumgeuza. Akaja jikoni.

Mama mkwe akatokea na taulo kichwani. Akatazama. "Poleni. Amekwenda."

"Hapana bibi, anavua gamba."

"Mjukuu wangu, nimeona waliokufa."

"Shati linambana tu."

Bibi akanitazama mimi. Na mimi, kusema ukweli, sikujua. Mwenye duka hapokei simu, ni Jumapili. Tukakaa sote nyuma ya mstari. Kwanini akaletwa na blanketi lake. Halafu, pembeni mwa mwili wa Soksi, kama mshono unaofumuka, palionekana ufa mwembamba. Au nilidhani nimeuona. Mke wangu anasema ameuona. Mama mkwe amevaa miwani yake ya kutungia uzi, anakazia macho.

Sasa tatizo. Cherehani yake iko chumba hiki hiki, na gauni la mteja linachukuliwa kesho asubuhi. Alikuwa ameshakaa, mguu kwenye pedali. Sakafu yetu ni ya mbao. Akikanyaga, kisosi cha Soksi kinatetemeka. Nimeoa miaka mingi na sijawahi kumwambia mama huyu hata "sogea kidogo".

Nikasimama. Kwa mnong'ono — mara ya kwanza maishani nahutubia kwa mnong'ono — nikaomba kikao kinisikie. Mama, na wengine wote baada yako, kwa heshima zote: mpaka Soksi ageuke kwa miguu yake mwenyewe, cherehani isimame. Wanaounga mkono wainue mikono.

Hakuna mkono ulioinuka. Watoto wote wawili waliibana mgongoni, wakanitazama kwa huruma, kama mtu asiyejua sheria.

Mama mkwe akaondoa mguu. Akalichukua gauni, akatafuta sindano ya mkono, akaanza kulishona pindo mapajani. Ndipo, ghorofa ya juu, jirani seremala akaanza kupigilia misumari. Ngo, ngo, ngo. Maji kwenye kisosi yakafanya duara.

"Na huyo?" mama mkwe akaniuliza. "Huyo hana kikao?"

Kwa hiyo naandika haya kiatu kimoja kikiwa mguuni. Azimio limerekebishwa na mjumbe wa cheo cha juu kabisa, na linasomeka hivi: mfuniko usifunguliwe, kioo kisigongwe, cherehani imesimama, na mwenyekiti apande ngazi sasa hivi, abishe hodi kwa adabu, amwombe seremala aweke nyundo chini, maana hapa — mama mkwe alisita, akitafuta neno, sindano ikiwa hewani — hapa chini tuna mtu wetu hajisikii vizuri.