Konokono wa Hamadi

Jumatatu, 6 Oktoba

Jedwali la pili limekamilika. Majina ya Kilatini yameandikwa yote kwa herufi za mlazo, majina ya waliozieleza spishi yamefuata, mabano yapo panapostahili. Nimekagua mara mbili. Dakta Frances, msimamizi wangu, hapendi kukuta kosa la mabano. Huweka nukta ndogo ya penseli pembeni, na nukta hiyo huniumiza kuliko karipio. Leo sikupata hata moja.

Spishi ya mwisho katika orodha yetu ya konokono wa nchi kavu ni gamba moja tu, dogo kuliko punje ya mchele, kutoka msitu wa Mwambajuu, kusini mwa Unguja. Bara spishi hiyo ipo, milimani. Kisiwani haijawahi kurekodiwa. Aliyeikusanya ni Hamadi, rafiki yangu aliyefariki.

Chumba cha sampuli cha makumbusho kiko chini ya ardhi na kina baridi ya makusudi. Nilikuwa nikisoma lebo yake, zile herufi zake zinazoegemea nyuma, nikasikia mtu anavuta pumzi mgongoni kwangu. Pumzi ya kubana, yenye mluzi ndani. Niligeuka. Makabati tu. Naandika kwamba nilisikia. Siandiki kwamba naamini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Maoni ya jarida yamefika. Mhakiki wa kwanza ameusifu mswada. Wa pili ameuliza swali moja tu la maana: gamba ni moja, tena tupu, waandishi wana hakika kwamba konokono huyo aliishi Mwambajuu? Marekebisho yanatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Jambo jingine. Kwa utaratibu wa jarida, mwandishi aliyefariki huwekewa alama mbele ya jina lake. Alama hiyo ni msalaba mdogo. Nilipoufungua ukurasa wa kwanza niliuona umesimama pembeni mwa jina la Hamadi, mtoto wa Kizanzibari aliyesaliwa msikitini na kuzikwa kwa sanda. Mama yake ataukata ukurasa huu na kuutia fremu. Nimemwandikia mhariri, kwa adabu zote, kuomba alama iondolewe na badala yake liandikwe neno.

Tulisoma pamoja shahada ya uzamili. Yeye amelelewa huku ughaibuni, Hayes, mimi nimekuja kutoka nyumbani kwa ufadhili. Yeye hakumwogopa mtu. Mimi namwogopa hata mlinzi wa mlangoni. Tulifanya kazi Unguja pamoja, tukachekecha majani makavu msimu mzima kutafuta konokono. Mwezi mmoja baada ya kurudi, pumu ilimshika kituoni akingoja basi. Gari la wagonjwa lilifika limechelewa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hayes. Mtaa wa jirani na uwanja wa ndege. Bi Zuwena, mama yake Hamadi, anatayarisha hitma ya mwaka. Itasomwa tarehe ishirini na tano. Sebuleni wanawake walikuwa wakichambua mchele wa biriani, nami nikakalishwa nao na sinia langu.

Bi Zuwena amewaambia wote kwamba siku ya hitma nitasimama nieleze mnyama aliyevumbuliwa na mwanawe. Nilijaribu kusahihisha. Hakumvumbua, alimrekodi kwa mara ya kwanza kisiwani. Hakuna aliyejali tofauti hiyo.

Jirani yake, Bi Maryamu, alisema, "Lakini konokono, jamani. Kwa nini asiokote ndege?"

"Ndege wa nini," alijibu Bi Zuwena, "wakati wa Hayes wanatupasua masikio kutwa?"

Wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Nami nilicheka. Kisha Bi Zuwena akanishika mkono. "Kaburi lake lina nambari tu, Salha. Jiwe bado. Lakini hilo jina kitabuni halitolewi na mtu, au siyo?"

Nikamwambia halitolewi.

Rahma, mdogo wake Hamadi, alikuwa mlangoni na simu yake. Nilimwuliza kama atakuwepo siku hiyo. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba kaka yake angeona aibu kufanyiwa mambo haya yote.

Jumanne, 14 Oktoba

Dakta Frances anataka rekodi mpya iingie kwenye anwani ya makala. Anasema orodha za spishi zinaandikwa kila siku na watu hawazisomi. Gamba lile ndilo litakaloifanya isomwe. Ipo nafasi moja ya uzamivu chini yake. Hakusema ni yangu. Alisema kamati hupenda makala yenye jambo.

Nimebadilisha anwani. Imependeza.

Niandike ukweli hapa, maana pengine siwezi. Namwonea wivu maiti. Mimi nilichekecha majani kwa nidhamu, kwa vipimo, kila kipande cha msitu kwa muda wake. Yeye alifanya kazi huku anaimba, na yeye ndiye aliyepata. Hata sasa, nikipanda ngazi kwa maringo kwamba nimeandika vizuri, namsikia akiniita "Profesa" kwa sauti ile ya kebehi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nilihitaji picha safi ya gamba, hivyo nililitoa katika pamba yake nikaliweka chini ya hadubini. Kinywani mwake kulikuwa na udongo mkavu. Nikautoa kwa brashi ya unywele mmoja, nikausambaza juu ya kioo ili niupige picha nao, kama ushahidi wa makazi.

Ukameta.

Ulanga, yale madini yanayong'aa. Vijipande vyembamba kama magamba ya samaki, vingi, vikirudisha mwanga. Mwambajuu ni jiwe la matumbawe tupu. Udongo wake ni mwekundu na hafifu, wala haumeti. Nimetoa vichupa vyote vya Mwambajuu, nikapima udongo wa kila kimoja. Hamna ulanga hata chembe.

Udongo wa milimani bara unameta hivi. Hamadi alikuwa huko akichekecha, siku chache kabla ya kuvuka kuja kunikuta Unguja.

Nimerudisha gamba kwenye pamba. Sikumwambia mtu. Nimesema naumwa kichwa, nikaondoka.

Jumapili, 19 Oktoba

Tooting, nilikopanga chumba. Nimeshinda jikoni na simu. Ninayo video niliyompiga asubuhi yetu ya kwanza Mwambajuu. Nimeitazama mara nyingi tangu afe, kwa ajili ya sauti. Leo nimeitazama kwa ajili ya mikono.

Anatoa chekeche kwenye begi. Sheria ni kwamba chekeche huoshwa na kupigwa brashi kila unapohama mahali, kwa sababu konokono wadogo hunasa kwenye pindo la waya. Hamadi analikung'uta pajani, mara mbili, anacheka, anasema tuanze kabla jua halijawa kali. Brashi ipo. Inaning'inia begani mwake.

Basi ndivyo konokono alivyovuka bahari. Ndani ya pindo la waya, amekufa zamani, pamoja na chembe ya mlima wake.

Mwenye nyumba wangu, Mama Nirmala, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, alikuwa akikaanga bhajia. Nilikuwa nimeirudia video mara nyingi mno.

"Nani huyo anacheka hivyo?"

"Rafiki yangu."

"Ana kicheko kizuri. Mwambie akuje siku moja, nitampikia."

Nilisema nitamwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Sasa kila nikisikia hatua kwenye ngazi za nje, nasimama kutazama mlango.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimeandika jibu kwa mhakiki wa pili: "Waandishi wana hakika." Sijalituma. Limelala katika rasimu kama kitu kilicho hai.

Hakuna atakayejua. Udongo wenyewe ni kiasi cha kufutwa kwa kidole. Nafasi ya uzamivu. Fremu ukutani Hayes. Jina kitabuni. Nami nilishasema halitolewi.

Lakini najua mambo haya yanavyokwenda. Ofisi za serikali nyumbani zina wafanyakazi hewa, wanaolipwa na hawajawahi kuonekana. Orodha za wanyama nazo zina spishi hewa. Moja ikiingia, hunakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu. Kisha atapelekwa kijana mwengine Mwambajuu, ataitafuta kwa magoti msimu mzima, hataiona, na kwa uaminifu kabisa ataandika kwamba imetoweka. Konokono atauawa mahali ambapo hakuishi. Na chanzo cha habari kitakuwa Hamadi.

Jioni nilimwona kwenye treni ya chini ya ardhi. Behewa la mbele, koti la kijani kama lake, kichwa kimeegemea kioo. Nilisukuma watu kumfikia. Alikuwa mtu mwengine, hata hakufanana naye. Aliniuliza kama niko salama.

Siko salama. Naogopa. Kesho kutwa nitakwenda Hayes kabla ya watu kukusanyika.

Ijumaa, 24 Oktoba

Bi Zuwena alikuwa ametoka zamu yake ya kupakia vyakula vya ndegeni, bado ana ile kofia ya wavu kichwani. Nilimwamkia. Nikamweleza yote, taratibu, kama ninavyoeleza mbele ya kamati. Nilijichukia kwa jinsi nilivyopanga hoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Nani mwengine anajua?"

"Mimi na wewe, mama."

"Basi, limekwisha. Mchanga tu huo, Salha. Mchanga nani atauona?"

"Siwezi, mama."

"Huwezi." Alivua kofia ya wavu akaikunja, akaikunja tena. "Mimi nimeshawaambia watu. Kesho wanakuja na watoto wao. Nisimame niseme nini? Kwamba mwanangu hakupata kitu?"

Nilimmiminia chai.

Chai ikapoa. Hatimaye akasema nimwoneshe hiyo video. Sikuwahi kumwonesha, niliihofia. Aliishika simu kwa mikono miwili, karibu sana na uso. Aliirudia. Nikasikia chekeche likigonga paja, kicheko, tuanze, tuanze.

"Jua lote hilo, hana kofia," alisema.

Akairudia tena.

"Mtoto huyu hata sahani alikuwa haoshi sawasawa. Alizitia maji tu, akazipanga. Mimi naosha nyuma yake. Miaka yote, naosha nyuma yake."

Alinirudishia simu, akaenda chumbani, akafunga mlango. Nilingoja, hakutoka. Rahma alinisindikiza hadi kituoni. Ni kituo kile kile cha Hamadi. Basi lilipofika ndipo nilipotambua, na Rahma alikuwa ameshageuka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nilifikiria kutokwenda. Nimekwenda. Nilivaa baibui langu jeusi na kukaa karibu na mlango, kama mtu ambaye huenda akafukuzwa.

Juzuu ziligawiwa, kila mmoja na yake. Sauti ilikuwa ya nyuki. Wanaume chumba cha pili, sisi sebuleni, viatu vimejaa mpaka ngazini. Baada ya dua sinia zikapita, na ndipo Bi Maryamu, Mungu amsamehe, aliponikumbuka.

"Haya, Salha, simama. Yuko wapi huyo konokono wa Hamadi?"

Chumba kikageuka kunitazama. Niliweka sahani chini.

"Karudi kwao," alisema Bi Zuwena kutoka jikoni.

"Kwao wapi?"

"Bara. Alikuwa mgeni tu. Hamadi alimchukua safarini bila kujua." Akatokea na bakuli la kachumbari, akamtilia Bi Maryamu kijiko kizima bila kuulizwa. "Kula, chakula kinapoa."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengine. Mzee mmoja chumba cha pili aliuliza wanacheka nini, akaelezwa, akacheka naye. Nilitazama biriani yangu nikaona matone yanaangukia humo. Bi Zuwena hakuniangalia. Alipopita aliweka mkono kichwani kwangu, kwa muda wa hatua moja, akaendelea.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimemwambia Dakta Frances. Nilimpelekea picha ya ulanga na video. Aliitazama mara moja tu, akavua miwani. Akasema ni kazi safi. Halafu akasema, kwa upole ambao ungevumilika zaidi kama ungekuwa ukali, kwamba sasa tuna orodha ya kawaida, nzuri, ya msitu mmoja. Kuhusu nafasi ya uzamivu, kamati ina waombaji wenye nguvu. Nisikate tamaa.

Nimekata tamaa kidogo. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kurekebisha anwani.

Mhariri amekubali ombi langu. Mbele ya jina la Hamadi hakutakuwa na msalaba. Chini ya ukurasa litaandikwa neno "marehemu", kwa Kiswahili, na tafsiri yake.

Alhamisi, 30 Oktoba

Nimewasilisha. Spishi moja pungufu.

Katika makumbusho sampuli haitupwi. Nimeandika lebo mpya kwa kalamu isiyofutika. Mkusanyaji: Hamadi. Mahali: hapajulikani; huenda milima ya bara; aliletwa ndani ya chekeche. Lebo yake ya zamani nimeiacha humo humo, nimeikunja nyuma ya yangu.

Droo ya vitu visivyo na mahali ni ya chini kabisa. Sikuwahi kuifungua. Imejaa kuliko nilivyodhani. Kuna magamba makubwa na madogo, lebo zilizoliwa na wadudu, miandiko ya watu nisiowajua. Ilinibidi nipange upya mstari mmoja ili ipatikane nafasi kidogo.

Nimemweka hapo. Nimeifunga droo polepole, kwa mikono miwili, ili vichupa visigongane.