Miguu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai

Mke wangu Immaculate ameenda. Kazi ya kulala huko huko, Kileleshwa — mwenye nyumba amejifungua, anataka mtu wa kumsaidia mpaka wikendi. Mimi nimeachiwa mama yake. Mama ana sukari na miguu yake imekufa ganzi. Anaweza kukanyaga msumari asijue! Immaculate amerudia kama wimbo: kila jioni miguu iangaliwe, nyayo na katikati ya vidole. Viatu vikung'utwe kabla avae. Asitembee miguu mitupu. Asikaribie jiko.

Nikamuuliza, iangaliwe na nani?

Akafunga begi lake. Mimi ni mkwe. Kwetu Bungoma mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono, hawalali nyumba moja. Ndiyo maana Mama analala kwa Waceke, landlady wetu mwenye hii ploti ya vyumba, mlango unaotazamana na wetu hapa mtaani Kongo. Waceke amesema ataangalia yeye. Mambo yetu ya Kibukusu yanamchekesha sana.

Siku nzima nashona viatu vya watu kwa kibanda changu mtaa wa Soweto West. Miguu ya wateja naijua kuliko sura zao. Na hii ya Mama siwezi kuiona!

Jumanne, 15 Julai

Baridi mbaya. Jioni Waceke amepiga kelele kutoka mlangoni: miguu ya mama yako iko fiti kuliko yako! Ploti nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Ameangalia kweli? Na katikati ya vidole? Nimetaka kuuliza, nikaogopa kuonekana msumbufu.

Nimemtengenezea Mama viatu vya soli laini, ndani hakuna mshono wa kumkwaruza. Saizi nimekisia kwa alama za ndara zake kwa matope pale bombani. Waceke amempelekea. Anasema vimetosha.

Alhamisi, 17 Julai

Waceke ameitwa Limuru, dada yake mgonjwa. Atarudi kesho usiku. Mama amewasha jiko, dirisha limeachwa wazi — hiyo ya makaa kuua watu anaijua vizuri. Ni miguu tu inanitia wasiwasi. Nilisimama nje, nikageukia ukuta: "Mama, umekaa mbali na jiko?"

Kiti kikaburuzwa. Mbele ama nyuma? Sijui!

Jackie, jirani yetu, aliniahidi atamwangalia akitoka saluni. Amerudi amechoka, akajifungia. Immaculate hashiki simu.

Ijumaa, 18 Julai

Mvua. Wateja hakuna, nimefunga mapema. Kufika kwa ploti, harufu — raba inaungua. Mimi harufu hiyo siwezi kuikosea. Inatoka kwa Waceke.

Nikasukuma mlango. Mama ameweka viatu vyake vikauke kando ya jiko, kimoja kimeyeyuka soli. Na yeye amekaa hapo hapo anachambua sukuma wiki, ametulia, mguu wa kulia umegusa jiko. Soksi imeungua, imeshika kwa vidole.

"Mama, mguu!"

Akavuta leso akafunika uso. Aibu ya kuniona mimi. Si uchungu. Hakuwa na uchungu wowote!

Nikasukuma jiko kando kwa mguu. Nikampigia Nzilani, mhudumu wa afya kule Sarang'ombe, yule hufundisha wenye sukari. Akaongea haraka: usivute soksi. Usipake kolgeti ya meno, usipake mafuta. Mwagia maji safi ya bomba, usiache haraka, halafu zahanati leo leo. Usingoje aumwe — hataumwa.

Nikabisha milango yote. Makufuli. Wote wako kazini.

"Tafuta mwanamke," Mama akasema, uso bado ndani ya leso.

"Hakuna, Mama."

"Tafuta."

"Nimetafuta. Hakuna."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kisha mguu ukatoka polepole chini ya sketi, ukasimama hewani.

Nikapiga magoti. Beseni chini, jagi mkononi. Palipotoboka soksi naona vidole viwili vina malengelenge, ngozi nyeupe kabisa. Nikamwaga, nikajaza, nikamwaga tena. Maji mengine yakaenda sakafuni.

"Umeanza?" akauliza.

Jagi lilikuwa limeisha mara kadhaa.

Nikasema ndiyo, Mama, nimeanza.

Sasa nimefunika na kitambaa safi, sikukaza. Nangoja pikipiki ya boda itupeleke zahanati. Immaculate bado hashiki. Akishika nimwambie nini? Mguu umeungua mimi nikiwa hapa. Na nimeushika. Sijui atalia kwa lipi.

Nzilani amepiga tena: asikanyage kabisa. Lakini boda haiingii huku, kichochoro chote ni matope mpaka barabarani. Nimemwambia Mama itabidi nimbebe. Anafunga leso kichwani upya, anaikaza, kama mtu wa kwenda kanisani.

Honi ya boda hiyo, kule barabarani! Mama amefumba macho. Amenyoosha mikono kwangu —