Krimu au Damu ya Mzee

Jumamosi, Ilembo. Jua kali, vumbi mpaka kwenye meno.

Leo tumejaribu rangi mbili kwenye ukuta wa sebule, krimu na damu ya mzee, kila moja kipande cha ukubwa wa sinia. Mimi nataka krimu kwa sababu sebule yetu ina dirisha moja dogo, angalau ilete mwanga. Kaka yangu Deo anataka damu ya mzee. Anasema krimu ni rangi ya watu wasiotembelewa. Nikamjibu kwamba hiyo yake itageuza sebule kuwa stoo. Tumebishana karibu saa nzima na, naona aibu kuandika hivi, nimeufurahia ule ubishi.

Maana ulituepusha na kusema kwa nini tunapaka.

Wiki iliyopita daktari alituambia tumrudishe mama nyumbani, hakuna zaidi wanachoweza kufanya. Kesho yake tu Deo akaanza kukagua kuta. Ndugu watashuka kutoka Mwese, majirani watajaa, jeneza litawekwa hapo sebuleni, na rangi ya zamani imebanduka. Tunaandaa msiba wa mtu ambaye yuko hai chumba cha pili, ananusa rangi.

Mama nimemdanganya. Nimemwambia tunapaka ili akipona akute nyumba inapendeza.

Mchana akaomba atolewe aone. Deo alimbeba peke yake, amekuwa mwepesi mpaka inatisha. Akaviangalia vile vipande viwili kwa muda mrefu, kama anachagua kitenge sokoni.

"Hiyo ya giza wekeni chini, mpaka usawa wa mabega," akasema. "Krimu iwe juu. Wamama watakaa kwenye mikeka, wataegemea ukuta. Krimu itajaa mafuta ya nywele siku ya kwanza tu."

"Wamama gani, mama?"

Akamwambia Deo amrudishe kitandani, amechoka.

Nimelia uani huku najifanya naosha brashi. Nilidhani namlinda, kumbe wiki nzima nimemwacha peke yake na kifo chake.

Deo anapaka sasa, kama alivyoagizwa. Kesho nitakaa pembeni ya kitanda nimuulize anataka azikwe hapa mjini au Mwese, kando ya baba. Habari za kupona simwambii tena.